Ringi ya Wanaoshika Mkia

Jumatatu, taarifa ya habari ya mchana ilipokwisha, Mchambuzi alizima feni ya studio kwa sababu ilikuwa inakwaruza na mkwaruzo wake unaingia hewani, akasogeza kikombe cha chai mbali na maikrofoni, akaanza kupanga timu. Zilikuwa zimebaki nne kwenye mtoano wa ligi ya kikapu ya wanawake. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wasikilizaji nani ana nafasi gani ya kuchukua ubingwa, kuanzia wa kwanza mpaka anayeshika mkia.

"Wa kwanza, Saruji," alisema. "Hawa hata wakicheza na kandambili ni mabingwa. Wa pili, Benki. Wazuri, ila dakika za mwisho ukiwaangalia utadhani wamekwenda kula, dirishani hakuna mtu. Wa tatu, Reli. Watafika, sijui lini. Wa nne, Maji." Hapo alisogea karibu na maikrofoni, maana alijua hii ndiyo watu wanayoisubiri. "Maji si mnawajua? Siku unapowahitaji, wamekatika."

Fundi mitambo nyuma ya kioo alicheka mpaka akashika tumbo.

Upande wa pili wa mji, ndani ya uwanja wa kikapu, mtunza uwanja alikuwa anapiga deki huku redio ndogo imening'inia kiunoni. Aliposikia Maji ni wa nne alisogeza ndoo na kusimama kando. Mlingoti wa kushoto ulilia kama mlango mkavu, ukarefuka kama mpapai, ukapanda na ubao wake na ringi yake mpaka karibu na taa za darini. Wa kulia, wa Saruji, ukashuka mpaka usawa wa paji la uso. Mtunza uwanja alipitisha dekio pale mlingoti ulipoangusha vumbi, akaendelea na kazi.

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Mchambuzi akikupanga juu, ringi unayotupia inashuka. Akikupanga chini, inapanda. Timu zikibadilishana pande wakati wa mapumziko, milingoti nayo inapishana, mmoja juu, mmoja chini, na watu wanatumia muda huo kwenda chooni. Mwanzoni shirikisho la kikapu liliunda kamati. Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikaandika kwamba kanuni zinataka kila timu iwe na ringi ya kutupia, na ringi ipo. Watu wakazoea. Wenye siti za juu kabisa walifurahi, maana siku wakicheza wanaoshika mkia, wao ndio wanaona vizuri.

Saruji walikuwa wanaweka mpira ndani kama mtu anayeweka nguo kwenye beseni. Watangazaji walisifu shabaha yao. Jumatatu ikifika Mchambuzi aliangalia matokeo, akaona Saruji wamefunga sana, akawapanga wa kwanza tena. "Si nilisema?" aliwauliza wasikilizaji. Na kweli alikuwa amesema.

Halafu alikuwa mtu safi. Hakuwahi kupokea hata soda. Kocha wa Reli aliwahi kumpelekea kuku hai nyumbani, na kuku alirudishwa siku hiyohiyo, tena ameshiba. Kwa upande wa Saruji habari ya kuku haikuwepo. Kampuni yao ndiyo iliyodhamini kipindi, jina lake likasomwa mwanzo na mwisho, na kuwapanga wa kwanza hakukuwa upendeleo, kulikuwa kazi. Upendeleo ulikuwa kitu kingine kabisa. Upendeleo ulikuwa binti yake.

Binti yake alikuwa nahodha wa Maji. Mchambuzi aliwapa wachezaji wa ligi nzima majina ya utani. Kulikuwa na Kabati wa Saruji, Stempu wa Benki, Mama Breki wa Reli, na majina yaliwakaa mpaka wazazi wao wakayatumia. Binti yake hakumpa. Hewani alimwita "namba saba wa Maji," kwa sauti ya mtu anayesoma namba ya gari lililoegeshwa vibaya. Basi na watu wakamwita Namba Saba. Tangu alipovaa jezi hiyo, kila msimu baba yake alipima kimyakimya Maji wanastahili wapi, kisha akawashusha mpaka chini kabisa, ili watu wasiseme.

"Watu gani?" mke wake alimuuliza, na hakumuuliza mara moja. "Nitajie mmoja. Mmoja tu, nimchemshie chai aje aseme hapa."

"Watu, mama watoto. Watu wana midomo."

"Na mtoto ana magoti."

Maji wenyewe hawakulalamika. Walikuwa timu ya idara ya maji, na kwenye yadi yao kulikuwa na tangi kubwa lililosimama juu ya miguu ya chuma. Kocha wao, mama mmoja msimamizi wa mabomba, alipanda ngazi akafungua mfuniko, akashuka, akawaambia watupe mle. Wakatupa mle, jua kali, msimu baada ya msimu. Mitaa ya jirani ilizoea maji yenye ladha kidogo ya mpira. Ndiyo maana kwenye mtoano waliweza kuwatoa wenzao huku ringi yao iko juu na popo. Na nusu fainali, walipokutana na Saruji, mechi ya kwanza walishinda. Ya pili wakafungwa. Ya tatu, ya kuamua nani aende fainali, ilikuwa Jumatano.

Jumapili Namba Saba alikwenda kwa wazazi wake. Aliingia akichechemea kidogo. Daktari wa timu alikuwa amemwambia kwamba goti lile ni la msimu huu tu, likifika mwisho ashukuru, aliweke chini. Miaka yote aliyocheza hakuwahi kucheza fainali, hata ya kuingia dakika ya mwisho akashike maji ya wenzake.

Baba yake alikuwa sebuleni anamenya chungwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Goti?"

"Lipo." Akakaa. "Baba, nimekuja kuomba kitu. Sijawahi kukuomba kitu cha kazini."

"Omba."

"Kesho tupange tunapostahili."

Mchambuzi aliendelea kumenya. Alikuwa na mtindo wake, ganda lote litoke bila kukatika. "Mnastahili wapi?"

"Wewe ndiye mchambuzi. Sema mwenyewe."

Ganda lilitoka zima. Akaliweka mezani. "Wa pili," alisema. "Ukiniuliza hapa sebuleni, wa pili. Tena ukinibana... basi, tuseme wa pili."

"Wa pili panatosha. Wa pili ringi inakaa pale inapofikika. Goti halitaki kuruka tena, baba. Ule mtupo wa juu unautoa na mwili mzima."

"Watu watasema."

"Wameshasema," mama yake alidakia kutoka jikoni. "Wanasema wewe si baba yake."

Namba Saba alicheka. Baba yake hakucheka. Alipasua chungwa, akampa nusu.

"Nitaona," alisema.

"Utaona?"

"Nitaona, mwanangu. Kula chungwa."

Akala. Lilikuwa tamu.

Kesho yake Mchambuzi aliingia studio ameshaamua. Wa kwanza Saruji, wa pili Maji. Alikuwa hata ametafuta maneno ya kusema, maneno mazuri, hakuna utani ndani yake. Alikuwa ananyoosha mkono kuzima feni, mkurugenzi wa kituo akachungulia mlangoni. Kijana mpole, ananukia vizuri, anawaamkia wote.

"Shikamoo, mzee. Leo mambo moto. Wasichana wa Maji unawaweka wapi?"

"Nafikiria wa pili."

"Safi sana," alisema mkurugenzi, na hakukunja hata uso. "Mimi siingilii, unanijua. Mtoto ni mtoto bwana. Hata mimi ningefanya hivyohivyo."

"Si kwa sababu ya mtoto."

"Hapana, hapana, mzee wangu. Nani kasema?" Akamgusa bega taratibu, akaenda zake.

Mchambuzi alizima feni. Alimsikia mkurugenzi akiongea na mtu koridoni, kisha kicheko. Pengine walikuwa wanacheka mambo yao. Akasogeza kikombe.

"Wa kwanza, Saruji," alisema. "Wa pili..." Fundi mitambo alikuwa anamwangalia kupitia kioo. "Wa pili, Benki. Wa tatu, Reli. Wa nne, Maji."

Kawaida aliwaachia wa mwisho nafasi kidogo, japo ya kupangusia jasho. Siku hiyo alitaka mpaka watu wa koridoni wasikie vizuri.

"Nafasi yao ya ubingwa? Hawana. Hata ya kusimama."

Fundi mitambo alicheka mpaka akavua vipokea sauti.

Uwanjani mlingoti ulipanda ukapita popo, ukapita taa, ukagusa bati. Ulisimama pale kidogo kama mtu anayepiga hodi. Halafu bati likatoboka na ringi ikatoka nje. Mtunza uwanja alichukua ngazi akaenda kuangalia. Ringi ilikuwa salama, wavu safi, na kunguru mmoja alikuwa ameshakaa juu ya ubao. Akashuka akampigia simu katibu wa shirikisho.

"Ringi ipo?" katibu aliuliza.

"Ipo, mheshimiwa. Nje."

"Lakini iko juu ya uwanja?"

"Juu kabisa."

"Basi mechi ipo."

Jumatano alasiri uwanja ulijaa. Mwamuzi wa tatu alipewa filimbi na ngazi, akapelekwa juu ya bati ili aone kama mipira inaingia. Maji walitupa kupitia tundu. Mpira unatoka nje, watu kimya, kisha mwamuzi wa juu anapiga filimbi na mpira unarudi kupitia tundu lile, umepata joto la jua. Mmoja ulirudi na unyoya. Walikosa mingi, wakafunga mingi kuliko ilivyotarajiwa, maana shimo la tangi lilikuwa dogo kuliko ringi. Upande wa pili Kabati wa Saruji alikuwa anaweka mpira ndani bila kunyanyua kisigino, na kila akiweka, watu wake wanashangilia. Mapumziko yalirefushwa kidogo ili mlingoti wa pili nao utoboe upande wake.

Mchambuzi alikaa meza ya waandishi. Mke wake alikaa jukwaani na mfuko wa barafu mapajani, unayeyuka, unamlowesha sketi.

Zikabaki sekunde chache, Maji wako nyuma kwa pointi moja. Namba Saba alipewa mpira chini ya tundu. Pale tundu lilipokuwa, kulitupia kulihitaji kuruka, na kuruka kulihitaji goti. Aliruka. Goti lilisikika mpaka siti za wageni waalikwa. Mpira ulipanda wima, ukapita kwenye tundu bila kugusa bati, na ndipo king'ora kikalia.

Kanuni iko wazi. Mpira ukitoka mkononi kabla ya king'ora, ukiingia unahesabiwa. Uwanja mzima ukatazama juu.

"Vipi?" mwamuzi mkuu alipaza sauti.

"Unapanda!" alijibu wa juu.

Wakasubiri. Wauza bisi walipita katikati ya watu wakimaliza mzigo wao.

"Vipi sasa?"

"Bado unapanda!"

Wachezaji wa Saruji walianza kuvaa suruali zao za mazoezi. Namba Saba alikuwa amelala chali sakafuni, wenzake wamemshika mguu, macho yake kwenye tundu.

"Utaingia," alimwambia kocha wake.

"Najua, mwanangu."

"Siuoni tena!" alisema mwamuzi wa juu.

Mwamuzi mkuu alimwita katibu wa shirikisho, katibu akafungua kitabu cha kanuni, akakifunga. Alisema mpira ambao haujaingia haujaingia, na kwamba ukumbi una harusi Alhamisi, watu wanataka kupanga viti. Saruji wakaenda fainali. Mchambuzi alikusanya vitu vyake taratibu. Mwandishi wa jirani alimpa mkono.

"Pole kwa binti. Lakini wewe bwana ni mtu wa haki. Ningekuwa mimi nisingeweza."

"Kazi," alisema Mchambuzi, na ilimwingia vizuri, alitembea nayo mpaka kituo cha basi.

Saruji waliwafunga Benki, wakachukua kombe. Jumatatu Mchambuzi alizima feni. "Si nilisema?" aliuliza.

Mpira ulishuka baada ya hapo, siku ya kawaida, mtunza uwanja anapiga deki. Alisikia kitu juu kama mtu anakung'uta kitambaa. Ulikuwa wavu. Mpira ukapita katikati ya tundu, ukagonga sakafu iliyolowa, ukadunda, ukabingirika mpaka kwenye ndoo. Aliuokota. Ulikuwa baridi kama umetoka kwenye friji. Haukuwa umegusa chuma, maana chuma kikiguswa kinalia, na yeye masikio yake mazima. Alimpigia katibu wa shirikisho. Katibu alimshukuru sana, akamwambia aurudishe stoo, walikuwa wameshaanza kuulizana umepotelea wapi. Halafu mtunza uwanja akapiga studio.

"Mzee, umeingia."

"Nini kimeingia?"

"Mpira wa Namba Saba. Umeingia mzimamzima, haujagusa kitu."

Mchambuzi alikaa na simu sikioni. Upande wa pili wa kioo fundi mitambo alikuwa anamwonyesha vidole, wanakaribia kuingia hewani. "Asante, ndugu yangu," alisema, akakata. Kipindi chote alizungumzia Saruji walivyolizungusha kombe mjini kwenye lori. Ya mpira hakuitaja. Angeitaja vipi? Watu wangesema.

Alipofika nyumbani alimkuta binti yake kwenye kochi, mguu juu ya stuli, barafu juu ya goti. Alifunga mlango kwanza.

"Umeingia," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Najua. Nilijua ulivyotoka mkononi."

"Hongera, mwanangu. Hongera sana."

"Sema redioni, baba."

Mchambuzi alivua viatu, akavipanga, akavipanga tena.

"Nitaona," alisema.

Mke wake alichukua bakuli la barafu iliyoyeyuka, akapita katikati yao kwenda kulimwaga.

Msimu mpya ulipoanza Namba Saba alikuwa ameshavua jezi. Idara ya maji ilimpa kazi ya kukaa dirishani kupokea malalamiko, kwa sababu hawezi kutembea sana. Msichana mwingine alipewa namba hiyo, mtoto wa watu wengine kabisa.

Jumatatu ya kwanza Mchambuzi alizima feni, akasogeza kikombe. "Wa kwanza, Saruji," alisema. "Wa pili, Maji. Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Hii ni timu. Ina shabaha, ina roho, na kwa muda mrefu haikupewa heshima yake. Mimi lazima niseme ukweli."

Fundi mitambo alitikisa kichwa kukubali. Mkurugenzi alinyanyua dole gumba mlangoni. Koridoni hakuna aliyecheka, wala hapakuwa na cha kusema. Kule uwanjani mlingoti ulishuka kutoka angani kunguru akiwa bado juu ya ubao, ukapita tundu, ukapita taa, ukapita popo, ringi ikatulia pale inapofikika. Kunguru aliangalia watu kwa usawa ule, akatembea, akatoka nje kwa mlango.

Siku hiyo Mchambuzi alirudi nyumbani mwepesi, na mfuko wa machungwa. Binti yake alikuwa ametoka kazini, yuko kwenye kochi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umesikiliza kipindi?"

"Nimesikiliza."

"Nimewaweka wa pili."

"Nimesikia, baba. Wanastahili."

Mchambuzi aliweka mfuko mezani. Basi akakaa akamenya chungwa, ganda likatoka lote bila kukatika, akalipasua, akampa nusu. Namba Saba akapokea kwa mikono miwili. Jikoni mama yake alizima redio, ambayo kwa saa ile ilikuwa inatangaza saruji.

Shirikisho lilipata bati la kuziba tundu moja. La pili liko wazi mpaka leo. Mvua ikinyesha maji yanaingia hapo, na mtunza uwanja huweka ndoo chini yake. Yanaingia katikati ya ndoo, bila kugusa kingo.